Hilux ya Samaki Iliyokuwa Ikivuta Upepo: Uchambuzi wa Kisa cha Mabomba ya Dizeli

Gari ni Toyota Hilux LN106 ya miaka ya 90, injini ya 3L: dizeli, silinda nne, cc 2,779, pampu ya nozeli ya aina ya VE. Kazi yake ni kubeba samaki na barafu kutoka Bagamoyo hadi soko la Feri, Dar es Salaam. Likilala usiku na dizeli ya kutosha tangini, asubuhi linapigwa selfu mpaka betri inalegea. Likiwaka linaunguruma sekunde chache, linayumba, linazima. Dereva anafungua boneti, anapiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, linawaka tena na safari hii halizimi. Mchana kutwa halina shida: likizimwa na kuwashwa papo hapo, linaitika kwa mguso mmoja.

Mwenye gari alitaja mambo mengine mawili kama ya kando. La kwanza, tangi likijazwa, kesho yake chini ya gari pana doa la dizeli; likifika nusu, doa halionekani tena. La pili, mafuta yakishuka chini ya robo, gari linakosa nguvu kwenye mlima na linakatakata, hali geji inaonyesha bado yapo.

Mpaka hapo lilikuwa limeshabadilishiwa hita plagi zote nne na betri. Kipande cha bomba kilichodhaniwa kuwa kinavuja kilikatwa, kikawekwa mrija wa shaba wa friji, na maungio yake yakafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hukumu ya mwisho iliyotolewa ni kwamba pampu imechoka, ishushwe ikafunguliwe. Hiyo ndiyo hukumu inayogharimu kuliko zote, na katika kisa hiki pampu haikuwa na kosa lolote.

Ugonjwa mmoja, dalili tatu

Kwenye Hilux hizi za dizeli hakuna pampu tangini. Mafuta yanavutwa na kipampu kidogo kilichomo tumboni mwa pampu ya nozeli yenyewe. Maana yake ni kwamba bomba lote kutoka tangini hadi filta, na kutoka filta hadi pampu, linanyonya. Injini ikiwa inafanya kazi, shinikizo ndani ya bomba hilo liko chini ya lile la hewa ya nje, kwa hiyo penye tundu dizeli haitoki; hewa ndiyo inayoingia. Fundi anayelala uvunguni akitazama tone huku injini inaunguruma anaweza kukaa hapo hadi jioni na bomba lililooza liko mbele ya macho yake, kavu kabisa.

Injini ikizimwa mambo yanageuka. Tangi likiwa limejaa, mafuta yaliyomo yako juu kuliko bomba linalopita kwenye chasisi, basi uzito wake unasukuma dizeli itoke tunduni. Hilo ndilo doa la asubuhi. Tangi likipungua, mafuta yanakuwa chini ya tundu: hakuna kinachotoka, ila hewa inaingia taratibu usiku kucha, na dizeli iliyokuwa imejaa bombani inarudi zake tangini. Asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Mafuta yaliyobaki ndani ya filta na pampu yanatosha kuwasha injini kwa sekunde chache, kisha upepo unafika na injini inazima. Kuhusu mlima, maelezo ni hayo hayo: mafuta yakiwa kidogo, pampu inavuta kutoka chini zaidi, mvuto bombani unaongezeka na tundu linaingiza hewa nyingi zaidi.

Upande wa kurudisha ni tofauti. Bomba linalorudisha mafuta ya ziada tangini lina msukumo mdogo wakati injini inafanya kazi, kwa hiyo lenyewe linavuja nje injini ikiwaka na kukauka ikizimwa. Na mabomba manne ya chuma kinene kati ya pampu na nozeli ni ulimwengu mwingine kabisa: humo msukumo unapita baa 100. Anayechanganya sehemu hizi tatu atatafuta ugonjwa mahali pasipo pake.

Kumtafuta mkosaji kabla ya kufungua chochote

Kipimo cha kwanza ni cha dumu. Unachukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli safi, unachomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye filta, unaziba ncha yake, na badala yake unaweka mpira mpya unaozama dumuni. Mpira wa kurudisha nao uingie dumu hilo hilo, la sivyo dumu litakauka na mafuta yote yataishia tangini.

Mahali pa kuweka dumu pana maana kubwa, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Dumu likining'inizwa juu ya boneti, uzito wa mafuta unaisaidia pampu na hata filta inayovuta upepo itaonekana nzima. Lianzie juu kuthibitisha kwamba injini ikipata mafuta inafanya kazi vizuri. Kisha lishushwe chini, usawa wa tangi au chini zaidi, na gari lilale hivyo usiku mzima. Gari hili lililala na dumu sakafuni na asubuhi likawaka mara moja, likaendelea. Jibu hilo moja liliwaachia huru watuhumiwa wengi kwa pamoja: pampu, sili ya shafti yake (ambayo kweli huwa inavuta upepo kwenye VE zilizozeeka), pampu ya mkono, kichwa cha filta na mipira yote ya ndani ya boneti. Kilichobaki ni kati ya tangi na filta.

Gari lingekuwa limefeli mtihani huo, hatua inayofuata ni kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, cha sentimita 15 hivi, kati ya filta na pampu, na kutazama mapovu. Mapovu ya kuaminika ni ya upande huo wa kuingia. Ya upande wa kurudi peke yake hayatoshi kumtia mtu hatiani. Mpira huo ni wa kupimia tu, unaondolewa kazi ikiisha, kwa sababu plastiki ya aina hiyo dizeli na joto la injini huifanya ngumu kama mti, nayo hupasuka penye klipu.

Kipimo cha pili ni cha upepo. Bomba la kunyonya linafunguliwa ncha zote mbili. Upande wa tangi unazibwa kwa kipande cha mpira chenye bolti ndani na klipu juu. Upande wa mbele unaunganishwa na pampu ya baiskeli. Bomba linapakwa maji ya sabuni kwa brashi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bonyezo mbili tatu zinatosha. Mwenye geji asizidishe baa 0.5. Lazima tangi liwe limetengwa: tangi ni bati jembamba, na kulijaza upepo wa kompresa ni kulivimbisha au kulipasua.

Watu wengine hupiga pampu ya mkono kwa nguvu wakitazama bomba la chini kama litatoa mafuta. Halitatoa. Pampu ya mkono inasukuma kuelekea injini na inavuta kutoka tangini, kwa hiyo inaweza kuonyesha uvujaji wa kati ya filta na pampu peke yake.

Kilichoonekana uvunguni

Maji ya samaki ndiyo yaliyofanya kazi hii. Barafu ikiyeyuka inachanganyika na chumvi, inapenya kwenye maungio ya bodi, inatiririka juu ya chasisi na kutulia kwenye vishikizi vinavyobeba mabomba. Kishikizi cha chuma chenye mpira ndani kinashika tope hilo halikauki. Kwa nje bomba lilionekana na rangi yake kati ya kishikizi na kishikizi. Ukifungua kishikizi, chini yake kutu inabanduka kwa magamba kama ya samaki, na ukiparuza kwa ncha ya kisu unafikia chuma chembamba kama karatasi. Matundu yalikuwa mawili, yote chini ya vishikizi, na mojawapo lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Povu la sabuni lililotoka hapo lilikuwa la punje ndogondogo, lakini halikukoma.

Doa la dizeli, kwa upande wake, lilikuwa likionekana kama nusu mita kutoka hapo. Dizeli haidondoki inapotokea. Inafuata mgongo wa bomba hadi mahali palipoinama zaidi. Ndiyo maana fundi wa awali alikata na kuunga kipande kisichokuwa kibovu. Dawa ya udanganyifu huo ni kuosha uvungu kwa sabuni, kuuacha ukauke, kupuliza poda nyeupe juu ya bomba na kurudi baada ya saa chache: mstari mweusi juu ya poda unaanza palipo na tundu.

Mrija wa shaba nao ulikuwa na kasoro zake. Ulikatwa kwa msumeno na kuchomekwa ndani ya mpira bila ukingo wowote wa kuuzuia usichomoke, na klipu za skrubu zilikazwa mpaka zikakata mpira. Tyubu ya baiskeli iliyofungwa juu ilikuwa imevimba na kulegea kama ute. Mpira wa tyubu haukutengenezwa kukaa na mafuta. Shaba yenyewe haifai hapa kwa sababu mbili: inaharakisha dizeli kuharibika na kufanya utando wa gundi, na kwa mtikisiko wa chasisi inakuwa ngumu hadi inapata ufa, kwa kawaida pale pale inapotoka kwenye maungio. Mabati ya zinki yana kasoro ya kwanza pia, kwa hiyo bomba la maji la nyumbani halifai hata kwa dharura ya wiki mbili.

Juu ya tangi kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikuwa limegunduliwa: mpira mfupi unaounganisha bomba la chasisi na bomba linalotoka tangini ulikuwa na nyufa zinazoonekana ukiukunja. Hapo hapafikiki bila kushusha tangi, ndiyo sababu hupitwa. Ukibadilisha bomba lote jipya na kuuacha mpira huo, gari litarudi na malalamiko yale yale, na safari hii lawama itakwenda kwenye bomba jipya.

La mwisho lilikuwa unyevu kwenye nati ya bomba la nozeli ya silinda ya tatu. Halina uhusiano na kuwaka asubuhi.

Vifaa

Kwa bomba la kunyonya, chaguo letu ni bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lile linalotumika pia kwenye breki. Halioti kutu kwa chumvi, linakunjika kwa mkono na linastahimili mtikisiko kuliko shaba tupu. Bomba la chuma lililopakwa ni zuri pia na ni la bei ya chini, ila kwenye gari la samaki litaanza safari ile ile ya kuoza tangu siku ya kwanza. Kipimo cha Hilux nyingi za aina hii ni milimita 8 kwa nje upande wa kunyonya na milimita 6 upande wa kurudisha, lakini pima kwa kalipa, maana gari la umri huu limepita mikononi mwa wengi. Urefu pima kwa uzi ukifuata kona zote za bomba la zamani, uongeze nusu mita. Roli ya kawaida ya bomba hili ni mita 7.6, inatosha na kubaki.

Mpira wa mafuta uwe wenye maandishi ya SAE 30R7 au 30R9 ubavuni. 30R7 inatosha kwa msukumo mdogo wa upande huu. 30R9 ina utando wa ndani unaostahimili zaidi na ndiyo tunayoipendelea juu ya tangi, mahali ambapo hakuna mtu atakayerudi kuangalia kwa miaka. Chukua mita 1.5 ya milimita 8 na mita 1 ya milimita 6. Maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala yanauza mipira isiyo na maandishi yoyote, myeusi inayong'aa. Usiichukue hata ikiwa ya bure. Kwa upande wa kunyonya mpira laini una hatari ya ziada: unajibana wenyewe kwa mvuto na kuinyima injini mafuta, na ukiutazama injini ikiwa imezimwa unauona mzima.

Klipu ziwe zile za mviringo kamili zenye kingo zilizokunjwa na bolti ndogo, za kiasi cha milimita 14 hadi 16 kwa mpira wa 8. Klipu za skrubu zenye matundu zinakamata, ila meno yake yanaingia kwenye mpira na mdomo wake unaacha sehemu moja isiyobanwa. Ongeza filta mpya na oringi yake, wosha (pete bapa za kuzibia) mpya za banjo, yaani maungio ya mabomba yanayofungwa kwa bolti yenye tundu, vishikizi vya plastiki au vya chuma kisichoota kutu, kimoja kwa kila sentimita 30 hadi 40, na mpira wa kuweka juu ya flanji (kifuniko cha juu) ya tangi.

Kazi yenyewe

Nati za mikanda ya tangi zimwagiwe mafuta ya kulegezea kutu tangu jana yake. Gari likae kwenye stendi imara, kamwe lisitegemee jeki peke yake. Waya hasi wa betri utolewe. Tangi likamuliwe kupitia bolti ya chini, ndani ya madumu safi, na mafuta yaachwe yatulie ili uone maji na tope lililomo. Dizeli haiwaki kirahisi kama petroli, lakini dizeli iliyolowa kwenye vitambaa au kurushwa kama mvuke inawaka, kwa hiyo hakuna kuchomelea wala kukata kwa grainda karibu, na kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono.

Na hakuna kunyonya mpira kwa mdomo. Jambo hili linafanywa kila siku kwenye gereji zetu na ni la hatari ya kweli: dizeli kidogo ikipitia njia ya hewa inaunguza mapafu. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Tangi linashushwa juu ya jeki yenye ubao mpana, sentimita chache kwanza, mkono unaingia juu kuchomoa waya wa geji na mipira, ndipo linashuka lote. Kabla ya kufungua flanji, osha na upulize sehemu ya juu. Tope lililolala hapo likidondoka ndani linakwenda kuziba wavu wa kunyonyea. Wavu huo ulikuwa na utando mweusi wa ukungu unaoota mahali dizeli inapokutana na maji. Ulisafishwa kwa dizeli safi na brashi laini, na tangi likasuuzwa kwa lita mbili za dizeli mara mbili, likamwagwa na kukaushwa.

Bomba la zamani litolewe zima kama inawezekana, hata kama limekatika vipande, liwe kielelezo cha mikunjo. Bomba jipya likatwe kwa kikata bomba cha gurudumu. Msumeno unaacha vumbi la chuma ndani, na upande wa baada ya filta vumbi hilo linakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Kila ncha inapigwa ukingo mdogo kwa mashine ya kufleya (kupanua ncha ya bomba): ni ile hatua ya kwanza ya fleya mbili, unaishia hapo ncha ikiwa imevimba. Ukingo huo ndio unaoushika mpira. Kona zikunjwe kuzunguka kitu cha mviringo, na nusu kipenyo cha kona isipungue milimita 24; kona iliyobonyea ni koo lililobanwa.

Njia ya bomba ilibadilishwa kidogo. Badala ya kulaza juu ya mgongo wa chasisi panapotua maji ya samaki, lilipitishwa ubavuni kwa ndani, kwa nafasi ya sentimita 10 au zaidi kutoka ekzosi, mbali na propela shafti. Lisifungwe pamoja na bomba la breki: chuma mbili zikisuguana mwaka mzima, zote zinatoboka. Mahali bomba la chasisi linapokutana na injini lazima pawe na mpira wenye ulegevu wa sentimita mbili tatu, kwani injini inacheza kwenye viti vyake na chasisi haichezi.

Mpira uingie juu ya bomba milimita 25 hadi 30, ukilainishwa kwa tone la dizeli, bila grisi. Klipu ikae nyuma ya ukingo uliovimba, milimita 4 au 5 kutoka mwisho wa mpira. Ikikaa juu ya ukingo, inakata mpira. Ikikaa mwishoni kabisa, inateleza. Ikazwe mpaka mpira uanze kuvimba kidogo pembeni, basi.

Kwenye banjo za pampu kuna mtego. Bolti ya kuingiza na bolti ya kurudisha zinafanana kwa umbo, lakini ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani na ndani yake ina tundu dogo lililopimwa, linaloshikilia msukumo ndani ya pampu. Zikibadilishana, mafuta yanakabwa mlangoni na msukumo wa ndani unapotea: gari linawaka kwa shida, halina nguvu, na kwa mara nyingine pampu inashitakiwa bure. Ziwekwe kwenye vibati viwili tofauti tangu zinapofunguliwa. Wosha ziwe mpya pande zote mbili za banjo. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isiguse popote kwenye mfumo huu. Fleya na banjo zinazibwa na nyuso zake, tepu haiongezi kitu, na nyuzi zake zinakatika na kuingia pampuni.

Kuhusu nati ya silinda ya tatu: kuikaza zaidi siyo jibu. Ililegezwa kwa supana namba 17, huku supana ya pili ikishikilia kiungo cha chini kisizunguke, koni ya bomba na kiti chake vikasafishwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, ikarudishwa kwa mkono hadi ikae yenyewe, kisha ikakazwa kwa toki ya N·m 25. Bomba lililovutwa kwa nguvu ya nati ili lifike mahali pake litavuja tena. Unyevu wa aina hii usitafutwe kwa kidole injini ikiwaka. Mchirizi wa baa 100 hauonekani kwa macho na unapenya ngozi bila maumivu makubwa. Saa chache baadaye mkono umevimba na unahitaji upasuaji wa haraka. Tumia kipande cha katoni.

Kutoa upepo na kuthibitisha

Tangi lilirudishwa, likawekwa lita 20 za dizeli iliyotulia na kuchujwa. Filta mpya ilifungwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya oringi kugusa, na sensa ya maji ikahamishwa kutoka ya zamani ikiwa na oringi yake mpya. Pampu ya mkono ilipigwa mpaka ikawa ngumu. Kwa bomba tupu la urefu huu inachukua muda, na asiye na subira hukimbilia selfu mapema akaimaliza betri.

Betri ikirudishwa, hakikisha waya wa solenoidi ya kuzimia juu ya pampu umechomekwa. Solenoidi isipopata umeme, hakuna tone litakalofika nozelini, na mtu anaweza kutoa upepo hadi magharibi. Kwa kuwa mabomba ya nozeli yalikuwa yamefunguliwa moja tu, ililegezwa nati ya nozeli hiyo nusu mzunguko, selfu ikapigwa sekunde 10 hivi, ikapumzishwa nusu dakika, ikapigwa tena mpaka mafuta yakaja bila mapovu, nati ikakazwa. Injini iliyumba kidogo ilipowaka, kisha ikatulia.

Kuwaka gereji mchana hakuthibitishi kitu kwa ugonjwa huu. Gari lilazwe likiwa limeinua pua, magurudumu ya mbele juu ya mwinuko, na tangi liwe na mafuta kidogo: hapo dizeli ina kila sababu ya kurudi nyuma. Lililala hivyo, asubuhi likawaka kwa hita ya kawaida na halikuzima. Usiku wa pili lilijazwa tangi na kulazwa likiinamisha pua, katoni kavu zikitandikwa uvunguni kuanzia tangi hadi injini. Katoni ziliamka kavu.

Klipu zote hurudiwa kuangaliwa baada ya wiki moja ya kazi, kwa sababu mpira mpya unatulia na kulegea kidogo. Filta ya kwanza baada ya kusafisha tangi lililokuwa na ukungu ibadilishwe mapema, kilomita 1,000 hadi 2,000, maana mabaki hubanduka. Kwa chumvi, tuliwekea bodi mpira wa kutolea maji unaoshuka nje ya chasisi nyuma ya gurudumu, na dereva akaagizwa kuosha uvungu kwa maji baridi ya bomba kila akishusha mzigo. Yasiwe maji ya bahari ya pale Feri.

Jambo moja lilichelewesha gari kutoka. Bomba la breki ya nyuma lilikuwa limepita kwenye vishikizi vile vile, na lilipofunguliwa lilikuwa na magamba yale yale, ingawa lilikuwa bado halijatoboka. Kazi ya mafuta haikuhusu breki, lakini gari lenye bomba hilo halirudishwi barabarani na tani ya samaki mgongoni. Liliwekwa bomba jipya la shaba na nikeli la milimita 4.75, nati za M10 kwa hatua ya 1.0, fleya mbili kamili kila ncha, na breki zikatolewa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi. Anayefungua vishikizi vya mafuta kwenye gari la pwani asivifunge tena kabla ya kuparuza bomba la breki lililo kando yake.